Mtumba

Zamani mtumba ulikuwa mzigo wenyewe: furushi lililofungwa, hata likiwa na nguo mpya. Leo neno limehama, linataja kitu kilichokwisha tumika. Tuna nguo za mtumba, tuna pia gari la mtumba. Kwa wakala wa forodha bandarini Dar es Salaam, tofauti hiyo ni fedha. Nguo zilizovaliwa huingia chini ya namba 6309 ya ushuru. Magari ya abiria, 8703. Programu ya kujaza hati iliyofundishwa kwamba mtumba ni nguo italitia gari katika fungu la nguo. Nataka sana mashine iwapunguzie makarani kazi hiyo. Ila aifundishe mtu aliyelisikia neno hili sokoni Kariakoo, mikanda ya robota inapokatwa na wanunuzi wakisogea.