Mto Nyabarongo: uti wa mgongo wa maji ya Rwanda

Nyabarongo ni mto mrefu kuliko yote inayotiririka ndani ya mipaka ya Rwanda. Huanzia kusini-magharibi mwa nchi, pale mito Mbirurume na Mwogo inapokutana. Mwogo hupokea maji ya Rukarara, mto unaotoka katika msitu wa Nyungwe, ambao Mjerumani Richard Kandt aliutaja mwaka 1898 kuwa chanzo cha Nile.

Nyabarongo huelekea kwanza kaskazini. Ukishaungana na Mukungwa, unaotoka Ziwa Ruhondo, hugeuka mashariki na kusini, ukapita kando ya Kigali. Huko hupokea Nyabugogo, kisha Akanyaru kutoka mpaka wa Burundi. Karibu na Ziwa Rweru huchukua jina la Akagera, na kwa jina hilo maji yake huingia Ziwa Victoria.

Manufaa yake kwa uchumi ni mengi. Wilayani Muhanga, bwawa la Nyabarongo ya kwanza lina uwezo wa kuzalisha megawati 28 za umeme. Wakazi wa Kigali hunywa maji yanayosafishwa Nzove, na tangu mwaka 2021 mtambo wa Kanzenze, wenye uwezo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, huuhudumia mji huo pamoja na Bugesera. Bondeni hulimwa miwa na mboga, na huchimbwa mchanga na udongo wa matofali.

Hata hivyo, rangi ya kahawia ya mto huu ni dalili ya hasara. Ni rutuba ya mashamba ya milimani, iliyochukuliwa na mvua, pamoja na tope la machimbo ya madini. Tope hilo hujaa mabwawani na kupunguza nafasi ya maji. Mvua zikizidi, kuyasafisha maji ya kunywa huwa kazi ngumu na ya gharama. Ndiyo maana wakulima wa milimani huhimizwa kuchimba matuta ya ngazi, na kingo za mto hupandwa mianzi. Mkulima anayeuzuia udongo shambani mwake huko Ngororero hulinda mavuno yake, na wakati huohuo hulinda bomba la mkazi wa Kigali ambaye hawajawahi kuonana.