Watani wa jadi walivyoishia jezi moja

Pale Eveleth, mji mdogo wa machimbo ya chuma jimboni Minnesota, Marekani, hoki ya barafu si mchezo! Madogo wa shule yao walibeba ubingwa wa kwanza wa shule za jimbo mwaka 1945, kisha wakaubeba mara 4 mfululizo, 1948 hadi 1951. Watani wao wa jadi? Majirani zao wa Virginia.

Ila ajira migodini zikapungua, familia zikahama, watoto wakawa wachache. Mwaka 2020 shule za pande zote mbili zikaunganishwa, zikaitwa Rock Ridge. Si Eveleth, si Virginia. Wakubwa wamepoteza jina, madogo wamebaki na timu. Wewe ungekubali kuvaa jezi moja na mtani wako?