Fito za nyuzi za kioo zadumu ndani ya zege kuliko ilivyohofiwa

MKAZI wa pwani hahitaji kuelezwa jinsi kutu inavyobomoa jengo. Chumvi hupenya zege hadi kwenye vyuma, nayo kutu, kwa kuwa huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo sababu wahandisi waligeukia fito za polima zilizoimarishwa kwa nyuzi, hasa nyuzi za kioo, ambazo hazishiki kutu.

Hata hivyo, adui wa kioo ni zege lenyewe. Maji yaliyomo katika vinyweleo vyake ni alikali kali, kipimo cha pH kikiwa kati ya 12.5 na 13.5, nayo alikali hiyo hula silika ya kioo. Kinga ya nyuzi ni resini inayozifunga: ile ya poliesta huvunjika upesi, ilhali ya vinili esta hustahimili zaidi.

Matokeo ya maabara yaliogofya. Fito zilizozamishwa katika maji ya alikali yenye nyuzijoto 60 zilipoteza nguvu kwa kasi. Kwa tahadhari, mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani (ACI) uliwataka wahandisi watumie katika hesabu zao asilimia 70 pekee ya nguvu ya fito za kioo kwa miundo iliyo wazi kwa hali ya hewa.

Canada ikaamua kuichunguza miundo yenyewe. Mnamo 2004, sampuli zilikatwa kutoka miundo mitano iliyokuwa na umri wa kati ya miaka mitano na minane. Mmojawapo ni gati la Hall's Harbour, Nova Scotia, lililojengwa upya 1999 kwenye Ghuba ya Fundy, ambayo ni mashuhuri duniani kwa ukubwa wa maji yake kujaa na kupwa. Hadubini ya elektroni ilionyesha nyuzi nzima, zikiwa bado zimeshikamana na resini.

Tofauti hiyo ina sababu. Maabarani fito huogelea katika maji moto. Ndani ya zege unyevu ni haba na joto ni la kawaida. Kanuni za ACI za 2022 zilipandisha kiwango hicho hadi asilimia 85.

Bado kuna suala la mzigo wa kudumu. Fito ya kioo ikivutwa kwa nguvu kubwa mfululizo yaweza kukatika ghafla, bila kurefuka kwanza kama chuma. Kanuni hizo haziruhusu mvuto wa kudumu uzidi asilimia 30 ya nguvu iliyokadiriwa. Isitoshe, fito hizi hazikunjwi penye ujenzi. Kila pembe hutengenezwa kiwandani, jambo ambalo fundi aliyezoea vyuma hatalifurahia.