'Genge' na Ushuru wa Mtaa

NENO 'genge' tulilikopa kutoka Kiingereza, na maana yake mojawapo ni kundi la vibarua. Jijini Nairobi, kazi ya genge ikawa mtaa wenyewe.

Machi 2002, Mungiki na Taliban walikabiliana Kariobangi. Zaidi ya watu 20 wakauawa, nayo serikali ikapiga marufuku makundi 18. Hata hivyo, Novemba 2006 mahasimu hao walipigana tena, safari hii Mathare. Chanzo? Ada waliyodaiwa wapika chang'aa.

Basi anayetaka kujua mpaka wa genge na afuate ushuru: wa matatu, wa umeme, hata wa choo. Mkazi huambiwa ni 'pesa ya ulinzi'. Ulinzi dhidi ya nani, ikiwa si dhidi ya anayeipokea? Serikali isipofika mtaani, hata maneno hubadilisha mwenyewe.