Chuma cha Vitumbua na Kadi ya TANU

Kila tunapokutana kusherehekea tarehe 9 Desemba, watoto wetu tunaowalea hapa Uingereza huiona bendera, huimba wimbo wa taifa, husikiliza habari za Mwalimu Nyerere, kisha hukimbilia meza ya chakula. Pale mezani pana vitumbua, sambusa, maandazi na pilau. Tumezoea kuihesabu meza hiyo kuwa ni mambo ya baada ya historia, hotuba zikiwa zimekwisha. Mwaka huu tunaomba tuanzie mezani, kwa sababu wanawake waliokuwa wakiuza vyakula kama hivi ni miongoni mwa waliotuletea uhuru wenyewe.

Turudi Dar es Salaam ya miaka ya 1950. Mji ulikuwa chini ya Waingereza na ulikuwa ukikua haraka. Wanaume walimiminika kutoka bara na kutoka mwambao kutafuta kazi bandarini, katika reli na majumbani mwa Wazungu. Wengi waliwaacha wake zao kijijini, na mtu anayebeba magunia tangu alfajiri lazima ale. Kwa upande wao, wanawake wa mjini walikuwa na nafasi chache mno za kazi za mshahara. Basi walijiajiri. Kariakoo, Ilala na Magomeni walipika maandazi na vitumbua, wakakaanga samaki, na wengine wakapika pombe. Mtaji ulikuwa mchele kidogo, nazi na chuma cha vitumbua.

TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilikutana na kikwazo kimoja kikubwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa serikali au mhudumu wa hospitali aliyeonekana na kadi aliweza kupoteza kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, na mwezi Machi 1955 akaacha kufundisha Pugu.

Mwaka huohuo alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha hapa Uingereza, John Hatch. Aliwauliza viongozi wa TANU: je, wanawake wenu wako wapi? Hapo ndipo Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akijulikana mjini kwa uimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba, alipopewa kazi ya kuongoza kitengo cha wanawake. Alipita nyumba kwa nyumba na ngoma kwa ngoma. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Kwa nini wao waliweza upesi hivyo? Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wengi wao na kuchapisha maisha yao mwaka 1997 katika kitabu kinachoitwa TANU Women, anatuonyesha kwamba wengi walikuwa na vipato vyao wenyewe kutokana na biashara ndogondogo. Muuza maandazi hakuwa na bosi wa kumfukuza kazi. Hakuna afisa aliyeweza kumkata mshahara, maana hakuwa na mshahara. Hela ya kadi aliitoa mwenyewe. Mume mwenye kazi ya serikali alinyamaza, mke akaenda mkutanoni. Kwa maneno mengine, chuma cha vitumbua kiliwapa uhuru wao kabla nchi haijapata wake.

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Lakini habari za wapishi hawa hazikuishia hapo.

Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 tuliyakuta mambo magumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekula fedha nyingi, na mafuta yalikuwa yamepanda bei. Tunakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Baba alikuwa na kazi na cheo, ila mshahara wake ulikwisha kabla wiki ya pili haijafika. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 80, ameeleza jinsi familia za mjini zilivyoacha kutegemea mishahara na kutegemea miradi midogo, mingi ikiwa mikononi mwa akina mama.

Na serikali haikuipenda sana miradi hiyo. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana kutokuwa na kazi rasmi walisombwa mjini na kurudishwa vijijini. Mama aliyekuwa akilisha mtaa mzima aliweza kuhesabiwa miongoni mwa wazururaji. Baadaye milango ilifunguka, biashara ikaruhusiwa zaidi, na mama ntilie wakaenea kila palipojengwa nyumba. Watoto wetu wanaouliza maana ya jina hilo wajue linatokana na wateja wenyewe: “Mama, nitilie!” Siku hizi wengi hupenda kuitwa mama lishe, na wanastahili heshima hiyo.

Biashara hizi zilikuaje? Si kwa bahati. Wengi wetu tuliziona kwa macho tukiwa tunasubiri kupeleka beseni la maandazi dukani kabla ya kwenda shule. Mama alianza na kilo moja ya mchele, akiuloweka usiku na kuamka saa kumi alfajiri. Alipowajua wateja aliongeza chai, kisha wali na maharage ya mchana. Alichukua unga dukani kwa mali kauli na kulipa jioni, akijua kwamba siku akivunja ahadi duka limefungwa kwake. Alicheza upatu na wenzake, na zamu yake ilipofika hakununua kanga. Alinunua sufuria kubwa na mabenchi. Alikuwa na daftari la wadeni, maana mafundi walikula wiki nzima wakalipa Jumamosi. Fedha ya mtaji ilikaa kwenye kopo lake, mbali na fedha ya matumizi. Walioshindwa, mara nyingi walishindwa hapo: kopo lilikuwa moja, mtoto akaugua, mtaji ukaenda dawani.

Sisi tuliokuja kuwa wauguzi tuna jambo la kuongeza. Kipindupindu kilipoingia mjini, kama mwaka 2015, wauza vyakula walikuwa wa kwanza kufungiwa. Mara nyingine ilistahili, kwa sababu maji yalikuwa machafu. Lakini tuliwaona pia wale walioweka ndoo yenye koki, sabuni na chakula chenye moto kilichofunikwa, na wateja wakawarudia haraka baada ya marufuku. Usafi ulikuwa sehemu ya mtaji.

Tuna deni moja la kukiri. Tulipokuwa tukijaza fomu za shule, na baadaye fomu za kuja kusomea uuguzi ng'ambo, palikuwa na mstari unaouliza kazi ya mama. Wengi wetu tuliandika “mama wa nyumbani”. Wengine waliandika “hana kazi”. Tuliandika hivyo kwa kalamu zilizonunuliwa kwa maandazi. Ada, sare, nauli ya ndege ya wengine wetu, vyote vilipita kwenye kopo lile. Tuliona aibu kwa kitu kilichotusomesha. Na tulifanya vilevile kama ile sheria ya 1983: tulimtazama mtu anayefanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku, tukasema hana kazi.

Leo, hapa ughaibuni, dada zetu wameanza tena. Wapo wanaotoka zamu ya usiku hospitalini, wakalala saa chache, wakapika sambusa za harusi na sherehe. Tunawaunga mkono, na tunawaomba wasifanye kwa kujificha. Hapa Uingereza jiko la nyumbani linaloanza kuuza chakula linasajiliwa kwa halmashauri ya eneo siku 28 kabla ya kuanza, na usajili wenyewe ni bure. Mkaguzi akija si adui. Mweleze mteja kama chakula kina karanga, ufuta, ngano, mayai au maziwa. Sisi tulioona watoto wakiletwa hospitali wakiwa hawawezi kupumua kwa sababu ya karanga tunajua hilo si mzaha. Wali ukipoa, usikae nje kutwa. Na yale makopo mawili ya mama yana kazi mpaka leo: akaunti ya biashara iwe mbali na ya nyumbani.

Tunawaomba wazazi na watoto kazi moja baada ya sherehe hizi. Mpigieni simu bibi, au mama, au shangazi aliye nyumbani. Muulizeni alikuwa akipika nini, alianza na shilingi ngapi, nani alimkopesha, na alimlipia nani ada. Andikeni majibu, kwa sababu wale waliomsikia Bibi Titi kwa masikio yao wanazidi kupungua.

Na mtoto akiulizwa shuleni bibi yake alikuwa akifanya kazi gani, asiseme hakuwa na kazi. Aseme: alikuwa akiuza vitumbua.