Kiingilio na kiti: shabiki mwenye ulemavu na haki yake uwanjani

UWANJA wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara unabeba jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mmoja wa mawaziri wa Mwalimu Julius Nyerere katika miaka ya 1960. Kwa misimu sita, kuanzia 2014/15 Ndanda FC ilipopanda daraja hadi 2019/20 iliposhuka, mechi za Ligi Kuu zilichezwa hapo, na siku Simba au Yanga zilipofika kusini, mji ulizungumza jambo moja tu.

Kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani, una jukwaa kuu lenye paa na eneo la mzunguko lililo wazi. Paa hilo ndilo linaloamua kiingilio: kivulini ni ghali, juani ni rahisi. Kwa mtazamaji asiye na ulemavu, uchaguzi huo unategemea kilichomo mfukoni. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, anayetembelea magongo au mwenye ualbino, unaamua kama ataiona mechi au atabaki nyumbani.

Mtu mwenye ualbino hawezi kukaa saa tatu au nne katika jua la Mtwara bila kuhatarisha ngozi yake, na saratani ya ngozi ni miongoni mwa magonjwa yanayowaua mapema watu wenye hali hiyo nchini. Mwenye magongo hawezi kupanda ngazi za zege zenye vina visivyolingana huku umati ukimsukuma. Mwenye kiti cha magurudumu hana pa kukiweka. Wote watatu wanahitaji mahali penye kivuli, karibu na lango, pasipo ngazi. Kwa kawaida mahali hapo huuzwa kwa bei ya watu wakubwa.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa kiingilio cha watu wenye ulemavu hauwezi kutenganishwa na mjadala wa kiti. Punguzo la bei katika mzunguko halimsaidii mtu asiyeweza kuufikia mzunguko. Vivyo hivyo, kiti kilichotengwa chini ya paa kikiuzwa kwa bei ya jukwaa kuu huwa ni adhabu ya fedha kwa mtu ambaye hakuchagua kukaa hapo.

Ugumu wa "bure"

Jibu ambalo viongozi wengi wa soka hulitoa haraka ni kwamba walemavu waingie bure. Ni jibu la huruma, na pengine ndiyo maana halijafanyiwa kazi ya kutosha. Ruhusa isiyoandikwa popote hubaki mikononi mwa anayesimama getini. Mgambo wa leo anaweza kuruhusu, wa kesho akakataa. Kiti cha magurudumu huonekana, lakini uziwi hauonekani, na mwenye uoni hafifu asiyeshika fimbo nyeupe hulazimika kujieleza mbele ya umati kama mtu anayeomba.

Kisha kuna msaidizi. Asiyeona huhitaji wa kumwongoza. Mwenye kiti huhitaji wa kumsukuma na kumwinua penye kizingiti. Ikiwa mwenye ulemavu ataingia bure na msaidizi akatozwa kiingilio kamili, familia imelipa tiketi moja, sawa na shabiki mwingine yeyote. Ikiwa wote wawili watatozwa, yeye ndiye shabiki pekee uwanjani anayenunua tiketi mbili ili kuiona mechi moja.

Gharama pia huanza mbali na geti. Kwa shabiki anayetoka Ziwani, Msimbati au Madimba, vijijini Mtwara, kufika mjini ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na mara nyingi bodaboda haimfai, inabidi bajaji. Tangu Ndanda iliposhuka mwaka 2020, timu ya jirani iliyobaki Ligi Kuu ni Namungo, iliyopanda mwaka 2019 na ambayo nyumbani kwake ni Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, mkoani Lindi. Anayetaka kuiona Simba na Yanga zikikutana Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 550 za basi. Kwa safari kama hiyo kiingilio ni sehemu ndogo tu ya matumizi, lakini ndiyo sehemu pekee ambayo waandaaji wa mechi wana uwezo wa kuipunguza kesho asubuhi.

Sheria inasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe kuwa watu wenye ulemavu wanafika katika maeneo ya michezo, burudani na utalii, na haiishii kwa wachezaji. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike. Kabla ya hapo ilikuwapo sera ya taifa ya mwaka 2004.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja mbele katika suala la kiingilio. Sheria yao ya mwaka 2003, iliyodumu hadi ilipofutwa na sheria mpya ya mwaka 2025, ilitoa haki kwa watu wenye ulemavu kutumia bila malipo viwanja na maeneo ya michezo ya serikali. Neno la kuzingatia hapo ni "serikali". Nchini Tanzania, viwanja vingi vya mikoani, ukiwamo Nangwanda Sijaona, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, urithi wa enzi za chama kimoja. Klabu hukodi, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi husimamia mechi, na chama humiliki kuta. Ikiulizwa ni nani ajenge ngazi mserereko ya zege mbele ya jukwaa kuu, kila upande unaweza kunyoosha kidole kwa mwingine bila kusema uongo.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Utafiti wa ulemavu wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2. Wengi wao hawatumii viti vya magurudumu. Wana matatizo ya kuona, kusikia, kutembea au kukumbuka, na wengi wangeketi katika kiti cha kawaida iwapo njia ya kukifikia ingekuwa nzuri.

Kipimo cha viti

Swali la viti vingapi vitengwe lina majibu yanayojulikana. Mwongozo wa kiufundi wa viwanja uliotolewa na FIFA mwaka 2011 unataka watazamaji wenye ulemavu wawe na lango lao, wafike mahali pao bila usumbufu, wawe na kiti cha msaidizi pembeni na choo cha karibu. Unakataa wawekwe mahali pasipo na kinga ya jua na mvua. Unakataa pia wawekwe mahali ambapo wengine wakisimama kushangilia wao hawaoni kitu, au ambapo kushindwa kwao kuondoka upesi kutahatarisha watu wakati wa dharura.

Masharti hayo mawili ya mwisho yanagusa desturi ya kuwapanga wenye viti vya magurudumu kando ya uwanja, kwenye njia ya kukimbilia. Kwa mbali mpango huo unaonekana wa heshima, kwa sababu wako karibu na wachezaji. Ukweli ni kwamba wako juani na nyuma ya mabango ya matangazo, wakikabili mpira unaotoka kwa kasi na, ikitokea vurugu, umati unaovamia uwanja.

Uingereza ina hesabu ya wazi zaidi. Mwongozo wake unaojulikana kama Accessible Stadia, uliotolewa mwaka 2003, unapendekeza kwamba uwanja mpya wa watu kati ya 10,000 na 20,000 uwe na nafasi 100 za viti vya magurudumu, na nyingine 5 kwa kila watu 1,000 wanaozidi 10,000. Kwa hiyo uwanja wa watu 15,000 ungekuwa na nafasi 125. Uwanja wa watu 60,000, kama wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, ungekuwa na 250.

Isidhaniwe kwamba huko mambo yalijipanga yenyewe. Mwaka 2014 uchunguzi wa BBC ulionyesha kuwa klabu 17 kati ya 20 za Ligi Kuu ya England hazikufikia kipimo hicho, ingawa ni miongoni mwa klabu tajiri kuliko zote duniani. Mwaka 2015 klabu hizo ziliahidi kutimiza masharti ifikapo Agosti 2017, na baadhi zilichelewa hata hapo. Kilichokuwa kimekwisha kuzoeleka katika klabu nyingi ni tiketi: shabiki mwenye ulemavu hulipa, msaidizi wake haongezewi gharama. FIFA nayo ilifuata utaratibu wa namna hiyo katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, ambako aliyenunua tiketi ya watu wenye ulemavu alipewa ya msaidizi bila malipo.

Vipimo vya Ulaya, hata hivyo, havihamishiki moja kwa moja. Nafasi moja katika mwongozo wa Uingereza ina urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 90, kwa sababu inamfikiria mtu mwenye kiti cha kawaida cha magurudumu. Mitaani Mtwara, Lindi na Dar es Salaam watu wengi hutumia baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Ni ndefu zaidi, haipiti katika geti la chuma la kuzunguka, na mwenyewe hawezi kuiacha nje akajiburuta ndani. Uwanja wa Tanzania unahitaji lango pana la pembeni linalofunguliwa mapema, na mahali salama pa kuegesha baiskeli hizo.

Choo nacho hutajwa kwa aibu, ingawa ndicho huwafukuza wengi. Katika mechi kubwa watu huanza kuingia asubuhi. Asiye na uhakika wa choo anachoweza kukiingia hulazimika kukaa na kiu tangu alfajiri.

Masikio badala ya macho

Kwa wasioona, suluhisho rahisi kuliko yote limekuwapo nchini kwa miongo mingi. Kizazi kizima kiliijua soka kwa sauti za Radio Tanzania Dar es Salaam, za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, waliomfanya msikilizaji aujue upande ambao mpira unaelekea na mguu unaoupiga. Shabiki asiyeona anayekwenda uwanjani na redio ndogo sikioni anafuata kitu halisi: kelele, ngoma na mabishano ya jirani, ambavyo nyumbani havipatikani.

Tatizo la sasa ni ucheleweshaji. Matangazo yanayopita katika intaneti hufika baada ya sekunde kadhaa, hivyo uwanja unalipuka kwa goli wakati mtangazaji bado anauzungusha mpira katikati. Mtangazaji mmoja mwenye kipaza sauti na masafa mafupi ya ndani ya uwanja angeliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo. Kwa viziwi, ubao wa matangazo unaoandika mabadiliko ya wachezaji na maelekezo ya dharura unatosha kuanzia.

Utambulisho wa nani anastahili tiketi hizo pia una njia. Vyama vya watu wenye ulemavu, vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, vinawafahamu wanachama wao, na maofisa ustawi wa jamii wapo katika halmashauri. Mfumo wa tiketi za kielektroniki, zikiwamo kadi za N-Card zinazotumika jijini Dar es Salaam, unaweza kuongezewa daraja la tiketi lenye bei ya mzunguko, kiti cha kivulini na msaidizi ndani yake, sawa na ilivyo kwa VIP A, B na C. Klabu inayohofia mapato ya mlangoni haipotezi kitu hapo, maana inamuuzia mtu ambaye awali hakununua chochote.

Kwa upande wa wachezaji, nchi imejipa sifa. Mwaka 2021 Dar es Salaam iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la soka la watu wenye ulemavu wa viungo, na timu ya taifa, Tembo Warriors, ikafuzu Kombe la Dunia la 2022 nchini Uturuki, ilikofika robo fainali. Mashabiki wenye ulemavu hawajapewa uzito huo.

Uwanja mkuu wa taifa, uliofunguliwa mwaka 2007, ulipewa jina la Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alipofariki Julai 2020. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na uwanja wa watu 30,000 ukaanza kujengwa Arusha kwa ajili hiyo. Kwa hesabu ya Accessible Stadia, huo ungestahili nafasi 180 za viti vya magurudumu, kila moja na kiti cha msaidizi. Nafasi hizo ni rahisi kuchorwa zege likiwa halijamwagwa. Nangwanda Sijaona, ambako zege lilikwisha kumwagwa zamani, kinachowezekana kwa haraka ni lango la pembeni, ngazi mserereko, safu ya chini ya jukwaa lenye paa, na bei yake kubandikwa getini kwa maandishi.