TCAA na kazi zake mbili

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ilianza kazi Novemba 2003, ila chimbuko lake ni kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Hadi hapo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, na anga yao ikisimamiwa kwa pamoja. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ilianzisha vya kwake, na safari kati ya Nairobi na Dar es Salaam ikawa ya kuombeana kibali, kwa kuwa Mkataba wa Chicago wa 1944 hauruhusu ndege za ratiba kuingia nchi nyingine bila idhini.

TCAA ikajikuta na kazi mbili zisizofanana: kukagua usalama na kusimamia haki za mashirika kuruka. Kwa maoni yangu, ilisimama imara kuliko wakati wowote Desemba 2008, ilipoifungia Air Tanzania, shirika la serikali hiyo hiyo iliyoiunda mamlaka, hadi kasoro zirekebishwe. Kazi ya pili imeleta sifa za haraka zaidi. Agosti 2020 Kenya Airways ilizuiwa baada ya Kenya kuiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangepokewa. Januari 2024 ikatangazwa kuwa ndege zake za abiria zingezuiwa kuanzia tarehe 22, kwa sababu Kenya iliinyima ndege ya mizigo ya Air Tanzania haki ya kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi ya tatu.

Wapo watakaosema hatua hiyo ilifaa, maana Kenya ilikubali ndani ya siku mbili. Ni kweli, na Tanzania ilikuwa na hoja: makubaliano ya 2016 kati ya nchi hizo mbili kuhusu haki za kuruka yalikuwepo. Lakini aliyetikiswa kwanza ni abiria mwenye tiketi mkononi, ambaye hakuvunja mkataba wowote. Zaidi ya hayo, ushindi wa namna hiyo hauongezi mkaguzi hata mmoja. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mashirika yote yaliyothibitishwa na Tanzania, ukitaja uhaba wa wataalamu na udhaifu wa usimamizi. Migogoro ya ruti ingeachiwa wizara ya uchukuzi na ile ya mambo ya nje, mamlaka ingebaki na muda na fedha za kuajiri wakaguzi hao.